Baraka ya Visiginoni

Mushaki, mwezi wa saba 2013

Kaka yangu mpendwa Symphorien,

Nakusalimia kwa jina la Bwana wetu, wewe na mkeo Mama Falone na watoto wote wa nyumba. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba Mama yetu anakula hata kidogo, maana mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anakigeuzageuza chakula sahanini bila kukipeleka mdomoni. Mwambie namsalimia nikiwa nimepiga magoti. Fifi mwambie shangazi yake amepata picha aliyomchorea na ameibandika ukutani. Guylain naye, kama bado anaringa na ile sauti yake mpya ya kiume, mwambie sifa zimenifikia. Mimi hapa Mushaki naendelea. Mvua imekwisha, baridi ni hii hii unayoijua, na milio ya risasi imehamia upande wa pili wa vilima, kwa hiyo siku hizi tunathubutu kuvua viatu tukilala.

Faustin, dereva wako, ndiye anayekuletea karatasi hizi. Nimemwomba akupe mkononi, uzisome umekaa, tena peke yako. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu hunikata kauli kabla sijafika katikati, kisha mtandao unamalizia kazi yako. Barua haikatizwi. Isome mpaka mwisho kabla hujaikunja, kwa heshima ya mdogo wetu tuliyemzika.

Umeniomba nije Butembo siku ya kuondoa matanga ya Bienvenu. Unataka nisimame mbele ya ukoo, na kwa kinywa changu cha udaktari niseme kwamba Bienvenu aliuawa kwa karuho, ile sumu ambayo kwetu kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kuiona. Unataka niseme aliyempa ni Mama Elisabeth Mukandayisenga wa Karuba, yule aliyekuwa akimpelekea fromage, jibini ya vilima vyetu, auze dukani kwake Pinga. Umesema neno langu likishatoka, kuna vijana walio tayari kwenda Karuba kumaliza hayo maneno. Kaka, nilikusikia vizuri. Najua kumaliza maneno ni nini siku hizi. Ni mama wa watu kutolewa jikoni kwa mapanga, nyumba yake kuwashwa moto, na wewe kurudi misani Jumapili umevaa shati la pasi. Sitalisema neno hilo. Nakuandikia kukueleza kilichomuua Bienvenu, kwa sababu ndicho kilichomuua Papa, baba yetu, na hakikutoka Karuba.

Nianze pale ulipoanzia wewe, kwa kile kipande cha njano.

Bienvenu alinipigia simu kutoka Pinga mwezi wa tano. Aliniambia kwamba akisukuma pikipiki kupandisha kilima anahisi mtu amemkalia kifuani, na maumivu yanateremka mkono wa kushoto, kisha akipumzika yanaondoka. Alicheka, akasema ni uzee. Uzee gani wa kijana ambaye hata ndevu zake zilikuwa za kubahatisha. Nilimwambia aache kila kitu aje kwangu. Akasema barabara imefungwa, wenye bunduki wa huku wanapigana na wenye bunduki wa kule, na akiliacha duka wataligeuza ghala lao. Basi akangoja. Siku aliyoanguka, rafiki zake walimbeba, kwa nia njema kabisa, wakapita mbele ya kituo cha afya mlango ukiwa wazi, wakampeleka kwa mtapishaji.

Wewe unamsifu huyo mtapishaji. Mimi nawajua wa kazi yake, kwa kuwa huwa napokea masalio yao. Anakunywesha maji ya majani mpaka utumbo unakugeuka. Unatapika kilichomo na kisichokuwamo. Kisha anakuingiza vidole kooni, na vidole hivyo haviingii vitupu. Vinatoka na kipande cha nyama, au nywele, au chochote kile kinacholingana na adui ambaye ndugu zako wameshamtaja mlangoni. Bienvenu alitolewa kipande cha njano, kigumu. Wakapiga kelele kwamba ni fromage ya Karuba, imekaa tumboni ikageuka karuho. Faustin ananiambia mmekifunga kipande hicho kwenye leso, mnakipitisha mkono kwa mkono sebuleni, watu wanakinusa wanatikisa vichwa. Kinanitia kinyaa. Lakini kinyaa zaidi ni kwamba mtu ambaye moyo wake ulikuwa unakufa kwa kukosa damu alitapishwa kutwa nzima, na wote waliokuwapo wanahesabu kwamba walimsaidia.

Walipoona hapati nafuu walimkalisha juu ya pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, wakamleta. Alifika asubuhi, midomo ina rangi ya majivu, shati limekauka matapishi. Nilifanya yale ninayoweza kufanya hapa, na ninayoweza kufanya hapa ni machache. Alinitambua. Alisema maneno kidogo, nami nataka uyasikie jinsi yalivyotoka kinywani mwake:

“Dada, banasema ni fromage ya Mama Elisabeth. Ile fromage tulikulaka na batu bote ba ku duka. Juu ya nini bao beko bazima?”

Kwa nini waliokula naye ni wazima, ndilo swali lake la mwisho. Kabla ya saa sita alikuwa ametuacha.

Sasa nakueleza jambo litakalokuudhi. Kabla hujafika kumchukua, nilimfungua kifua. Muuguzi wangu alipoelewa ninachotaka kufanya alijifanyia ishara ya msalaba akatoka nje. Nikabaki na mdogo wangu juu ya meza ya saruji, mtoto niliyembeba mgongoni kule Butembo mpaka mgongo ukanukia mkojo wake. Nilijua kwamba mtasema karuho hata kabla udongo haujakauka, na nilijua nisipotazama kwa macho yangu nitakuja kuyumba mbele yenu. Nilimshona vizuri, polepole, ndiyo maana hamkuona kitu alipolala ndani ya suti yake. Nikasirikie ukitaka. Ningelifanya tena.

Tumbo lilikuwa safi, jekundu tu kwa kutapishwa. Hakukuwa na kidonda cha sumu wala doa. Lakini mshipa wa mbele unaolisha moyo, nilipoukata, ulikwaruza mkasi. Ndani umejaa uji wa njano, mzito, wa mafuta, na katikati ya uji huo damu imeganda imeziba njia yote. Nilipoubonyeza ulitoka taratibu kama usaha wa jipu. Nimesafisha vidonda vya risasi vyenye funza, kaka, na sikuwahi kutapika. Siku hiyo nilitapika ndani ya ndoo ya kufulia. Tangu hapo nikisikia harufu ya mawese yanachemka jikoni kwa jirani, naenda kusimama nje.

Hapo nakuomba uvumilie, kwa kuwa lazima nikueleze uji ule unatoka wapi. Wewe ndiye uliyewashikilia wazee kwamba nisome, kwa hiyo mzigo huu ni wako pia. Miaka ile niliyokaa Ubelgiji mlikuwa mkiniuliza nafanya nini, nami nikiwajibu kwamba natazama damu, mlicheka kwamba dada yenu amepanda ndege kwenda kutazama damu. Ukweli nilikuwa natazama aina moja tu ya chembe za damu, zile nyeupe zinazotoka kwenye damu zikaingia ndani ya nyama. Wazungu wanaziita jina gumu lenye maana ya walaji wakubwa. Kwenye mabango yetu ya afya tunaziita maaskari wa mwili.

Jina hilo lina mkosi huku kwetu. Mwaka nilipofika Mushaki niliwakusanya akina mama, nikawaambia kwa furaha kubwa kwamba kila mmoja wao ana maaskari ndani ya mwili wanaomlinda mchana na usiku. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Ndipo mwanamke aliyekaa nyuma, ndoo ya maziwa katikati ya miguu yake, akauliza:

“Docteur, na bale maaskari ya mu mwili, banakulaka nini?”

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, nami nikacheka, maana kila mmoja pale alikuwa ametoka kupita barrière, kizuizi cha maaskari barabarani, na askari wa kumlinda alikuwa amejikatia fungu lake la fromage kwa singe ya bunduki. Mwanamke huyo ndiye Elisabeth. Alikuwa anatania tu. Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana, na mimi ndiye niliyemjulisha kwa Bienvenu alipotafuta fromage ya kupeleka Pinga. Basi kama unatafuta mtu aliyeipeleka ile fromage dukani, mtu huyo ni mimi.

Na maaskari hao wanakula nini. Wanakula uchafu: vijidudu, chembe zilizokufa, na mafuta yaliyozidi kwenye damu. Kula si kosa lao, ndiyo kazi waliyopewa. Katika kiini cha kila mmoja yamo maagizo tuliyorithi kwa baba na mama, ambayo tunayaita jeni. Hayasomwi yote kwa wakati mmoja. Mengine hufunguliwa, mengine hufungwa, kulingana na hali. Ndani ya kiini kuna mfunguaji mmoja, ni protini, na kazi yake ni kunusa mafuta. Askari akishakula mafuta ya kutosha, mfunguaji anafungua jeni zinazotengeneza pampu, pampu zinayatoa mafuta nje yarudi kwenye ini. Na mfunguaji huyo huyo, kwa wakati ule ule, anazifunga jeni za moto, zile zinazoleta joto na uvimbe na kuwaita maaskari wengine. Umeelewa, kaka? Kumwaga mafuta na kutulia, kwa askari yule, ni amri moja. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza kwenye maabara nilifurahi siku nzima. Niliona Mungu ni fundi asiyetupa hata msumari.

Lakini amri hiyo inaweza kuvunjika. Kengele ya hatari ikilia mwilini bila kunyamaza, kwa sababu ya magonjwa yasiyopona, au moshi wa sigara, au mshipa wenyewe unaozidi kuchubuka kwa mafuta, basi kengele hiyo inamnyamazisha mfunguaji. Pampu hazitengenezwi tena vya kutosha. Askari anaendelea kula lakini hatoi. Anajaa mapovu ya mafuta, anavimba, anashindwa hata kuondoka pale alipo. Na kwa kuwa zile jeni za moto hakuna wa kuzifunga, anazidi kuita wenzake. Nao wanakuja, wanakula, wanavimba, wanaita wengine. Mwisho wanafia ndani ya ukuta wa mshipa, wanaacha pale mafuta yao na takataka zao. Ule uji niliouona ni mizoga yao. Mimi napita barrière kila wiki nikienda Sake kuchukua dawa. Naona wanaume waliovimba kando ya barabara, hawalindi chochote, wanaitana tu waje kula. Nikirudi, nikiinamia darubini, nawakuta tena. Nimechoka nao mpaka basi.

Utaniuliza kwa nini wamfie Bienvenu, kijana mwembamba aliyekula vibaya na kuendesha pikipiki kutwa. Ni kwa ajili ya ile tunayoiita baraka.

Unavikumbuka vifundo vya Papa, nyuma ya visigino na juu ya vidole vya mikono, na ile michirizi ya njano kwenye kope zake. Bibi ndiye aliyevipa jina. Alisema ni mafuta ya utajiri ambayo mwili umekataa kuyapoteza, na mtoto atakayeota baraka ndiye wa kupewa ufunguo wa duka. Wewe ulipoota vya kwanza walichinja mbuzi. Bienvenu alipoota vyake alikwenda pekupeku kwenye arusi ya binamu yetu ili watu wavione, na Mama akamtazama kwa macho ya kujivunia. Hakuna familia nyingine Butembo iliyokuwa na jambo hili, na tuliliona kama cheo.

Siku ile ya kumfungua kifua nilikata kifundo kimoja cha kisigino cha Bienvenu, nikakipaka kwenye kioo, nikakitazama. Ni wale wale, kaka. Maaskari waliojaa mafuta, wamelala kifudifudi wengi pamoja. Baraka yetu ni kaburi la walafi. Ini la ukoo wetu limerithi kasoro, halina mikono ya kutosha ya kuyashika mafuta na kuyaondoa kwenye damu. Kwa hiyo damu yetu ina mafuta mengi tangu tumboni mwa mama, hata tukila sombe ya majani ya mihogo na maharage maisha yetu yote, na maaskari wetu wanalishwa kupita kiasi tangu siku ya kwanza. Mzazi mwenye kasoro hiyo anaweza kumpa mtoto, anaweza asimpe. Ni kama kurusha sarafu kwa kila mtoto. Papa alikuwa na vifundo vikubwa kuliko sisi wote, na tulimpongeza kwa hivyo mpaka siku alipoanguka katikati ya magunia ya chumvi kabla hajaota mvi hata moja.

Na tulifanya nini alipoanguka. Unajua vizuri kuliko mimi, maana mimi nilikuwa bweni kwa masista na wewe ulikuwa mbele ya kundi. Papa Eugène, mshirika wake wa duka, alikuwa amemmiminia chai asubuhi ile, kama alivyommiminia kila asubuhi kwa miaka. Hiyo ilitosha. Mlimtoa nyumbani na mkewe na watoto, mkavunja milango, wakakimbilia msitu wa Walikale kwa watu wasiowajua. Nilipopata kazi upande huu niliwatafuta. Papa Eugène alikufa huko kwa homa, akiwa analima mihogo ya watu wengine. Mkewe aliponitambua aliniletea kiti, akanipangusia. Nilishindwa kukikalia. Mtu yule alikuwa rafiki wa pekee aliyempenda Papa bila kumtaka kitu, nasi tulimmaliza kwa sababu ya ini letu wenyewe. Nikikumbuka misa ya shukrani mliyoombesha baadaye, na wewe ukisoma somo la kwanza, nasikia kinyaa mpaka kwenye meno.

Sasa mnataka kulirudia, na safari hii jina la mtu limewarahisishia kazi. Mukandayisenga. Mlipolisikia tu mlishamaliza kesi. Kwa Papa Eugène mlihitaji angalau kikombe cha chai. Kwa huyu jina la Kinyarwanda limetosha, kile kipande cha njano ni mapambo tu. Mwanamke ambaye ng'ombe wake wameswagwa na kila kundi lililopita Karuba, la wanaosema lugha yake na la wasioisema, naye bado anaamka kukamua wawili waliobaki. Aliposikia msiba alituma fromage nzima kwa Faustin kwa ajili ya waombolezaji. Mliitupia mbwa. Nimeulizia habari za yule mbwa, kaka. Faustin anasema ananenepa.

Usinijibu kwamba ninajua vitabu na sijui watu. Hiyo ndiyo sentensi yako, nimeizoea. Watu ninawajua, ndiyo maana nina hasira. Najua karuho inawapendeza kwa sababu ina mtu wa kupiga. Ini halina nyumba ya kuchoma.

Nimefika kwenye lililonifanya nishike kalamu leo nisingoje matanga. Mama Elisabeth hayuko Karuba. Wiki iliyopita kuna vijana wageni walikuja kuulizia nyumba yake sokoni, wakisema wanataka fromage, lakini hawakuwa na kikapu wala hawakuuliza bei. Sijui kama ni wa kwako au ni wa mtu aliyekusikia ukisema. Kama ni wa kwako waambie warudi, watakuta mlango mtupu. Alikwisha ondoka zamani, tangu tulipomzika Bienvenu. Yuko hapa. Analala chumba cha pili cha nyumba yangu, na ng'ombe wake wawili wako nyuma ya kituo changu cha afya, wanakula maua ya masista wa hapa.

Yeye ndiye anayenipikia. Kila ninachotia mdomoni tangu siku hizo kimepita mikononi mwake. Tunagombana kwa jambo moja tu: namkataza kutia mafuta, naye anasema chakula kisicho na mafuta ni cha wafungwa, na kwamba mgeni akifunua sufuria yake atamwonea aibu. Amenuna siku nyingi kwa ajili ya hilo. Ilibidi nimweleze sababu, na sasa nakueleza wewe, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa kwanza kuijua na haifai uwe wa mwisho.

Mimi pia ninayo baraka. Iliota nikiwa bweni, visigino vyote viwili, kisha kwenye viwiko. Nilisikia Bibi akisema kwamba msichana akiota baraka ameiiba kwa ndugu zake, atafilisi nyumba ya baba na nyumba ya mume. Nikavaa soksi. Nimevaa soksi mbele yenu maisha yangu yote, hata ziwani tulipokwenda kuogelea na mkanicheka. Kifua kimeanza. Nikipanda kile kilima cha kanisa nasimama katikati, najifanya natazama mashamba, ili maumivu yapite. Nimejipima damu, nimeanza dawa, lakini nimeanza nikiwa nimechelewa. Dawa zinapunguza kinachokuja, haziondoi chote kilichokwisha lala mshipani. Huenda nikaishi mpaka nikawa bibi mkali. Huenda nikaanguka Alhamisi.

Unaona sasa kinachonitoa jasho. Nikianguka, nitaanguka nikiwa nimekula chakula cha Elisabeth. Watu watasema Docteur amekufa, alikuwa anaishi na yule mwanamke, alikuwa anakula kwake. Hata wewe mwenyewe ungeamini, na vijana wasingengoja matanga. Nilimweleza hatari hiyo wazi. Nilimsihi ashuke Goma kwa dada yake, akae huko mpaka mambo yatulie. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage, kisha akasema:

“Na weye, nani atakupikiya?”

Ndiyo hayo aliyojibu, akaendelea na maharage yake.

Kwa hiyo, kaka, hivi ndivyo ninavyokuomba. Kwenye mfuko ambao Faustin atakupa kuna vidonge. Meza kimoja kila jioni, uanze leo, hata kama umenikasirikia. Hasira na dawa havigombani. Sigara acha. Fifi mlete mwenyewe, maana aliponishika mkono siku ya mazishi nilihisi kifundo kidogo kwenye kidole chake cha kati, na nilimwona Mama akikibusu. Usimchinjie mbuzi. Guylain naye mlete apimwe. Nao bado wadogo, wakianza sasa wana miaka mingi mbele yao. Siku ya kuondoa matanga simama wewe mahali ulipotaka nisimame mimi, uwaambie watu Bienvenu alikufa kwa ugonjwa wa moyo aliourithi kwa Papa, na kwamba Papa aliufia pia. Mtaje Papa Eugène kwa jina. Sikuombi ulie. Sema tu.

Na kama siku moja Faustin atakuja kwako ameshika kofia mkononi, usiulize nilikula nini. Washa lori lako uje mwenyewe, wala usimtume mtu. Utamkuta mwanamke mlangoni. Msalimie yeye kwanza, kabla ya maiti yangu, na umtafutie mahali pa mbele kwenye gari, umfikishe kwa dada yake salama, kwa sababu wakati huo atakuwa yeye ndiye aliyenifumba macho.

Nisikuchoshe zaidi. Salamu nyingi kwa Mama, kwa Mama Falone, kwa watoto, kwa majirani wote wanaoniulizia na hata wasioniulizia. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, na azilaze bunduki hizi japo mpaka mavuno. Mama Elisabeth anakusalimia pia. Hajui ninachoandika, ameniona nimeinama siku nzima juu ya karatasi, akauliza ni ya nani, nikamwambia ni ya kaka yangu. Amesema nikuandikie kwamba anakupa pole ya Bienvenu.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Kanyere Joséphine-Marie